Mvua ya Desemba, kware wa Oktoba

Katika jangwa la Sonora, kusini mwa jimbo la Arizona nchini Marekani, msimu wa kuwinda kware hufunguliwa mwezi Oktoba. Hata hivyo, mwindaji mzoefu huwa anajua tangu Machi kama bunduki yake ya marisau itapata kazi. Hana haja ya kuhesabu ndege. Hutazama chini, kati ya kaktasi na miti ya jamii moja na mathenge inayowasumbua wafugaji wa Baringo, aone kama udongo umefunikwa na majani mabichi. Majani yakiwapo, ana matumaini. Akikuta changarawe tupu, hata mvua kubwa ya Julai haitamwokoa.

Ndege anayewindwa ni kware wa Gambel, aliyepewa jina la William Gambel, mtaalamu wa viumbe wa Marekani wa karne ya 19. Ana uzito wa gramu 170 hivi, ana shungi jeusi lililopindia mbele, na akishtuliwa hupenda kutimua mbio kuliko kuruka. Asichanganywe na kware wa mabandani ambaye mayai yake yalizua wimbi la biashara Kenya mwaka 2013 na 2014. Ukoo wake ni wa Amerika, na uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba Afrika ina ndege wawili tu walio karibu na ukoo huo. Mmoja wao ni kware wa Nahan, anayeishi katika misitu ya Uganda na mashariki mwa Kongo.

Mji wa Tucson, ulio ndani ya jangwa hilo, hupata mvua isiyofika milimita 300 kwa mwaka katika miaka ya kawaida. Hiyo kidogo nayo huja kwa mafungu mawili. Kati ya Julai na Septemba hushuka mvua za radi, kali na za ghafla, zinazojaza makorongo kwa saa moja kisha zikaondoka. Wakati wa baridi, hasa Desemba hadi Machi, mawingu hutoka Bahari ya Pasifiki na kuleta mvua ya taratibu inayozama ardhini. Kware wa Gambel hutaga majira ya kuchipua, na vifaranga wengi huanguliwa Aprili hadi Juni. Kwa hiyo mvua ya radi huwakuta watoto wamekwisha zaliwa, au hawakuzaliwa kabisa. Inayoamua ni ile ya Oktoba hadi Machi.

Kwa nini? Kware huyu anaweza kuishi siku nyingi bila kisima, akipata maji katika majani na matunda ya kaktasi. Anachokosa mwaka wa ukame ni lishe ya kuzalia. Mbegu za mimea midogo ya msimu, ikiwamo ya jamii ya kunde, hulala ardhini zikingoja unyevu wa vuli na baridi. Zikiota, kware hula machipukizi yake wiki baada ya wiki, na mwili wake hugeuza karotini ya majani hayo kuwa vitamini A na kuiweka akiba kwenye ini. Sisi pia tunakula mchicha na matembele kwa faida hiyohiyo. Mwaka 1964 mtafiti Hungerford alichapisha kazi iliyohusisha akiba hiyo ya vitamini A na uzazi wa kware wa Gambel. Mwaka wenye majani, ndege huingia msimu wa kutaga wakiwa na akiba ya kutosha. Mwaka mkavu, wengi hawajaribu hata kidogo: makundi ya majira ya baridi hayavunjiki, dume na jike hawatengani na wenzao wakawa jozi, na Aprili hupita kimya.

Wapo waliokwenda mbali zaidi. Mwaka 1976 Starker Leopold na wenzake waliandika katika jarida la Science kuhusu kware wa California, binamu wa huyu wa Gambel. Walieleza kwamba mimea iliyodumaa kwa ukame hutengeneza kemikali zinazofanana na homoni ya kike ya estrojeni, na kwamba kware wakizila uzazi hupungua. Hoja hiyo haijakubaliwa na wote, na mimi naiona ya vitamini kuwa na mashiko zaidi. Tena majani mabichi huleta wadudu, na kifaranga wa kware, anayetoka kiotani akitembea mara tu baada ya kuanguliwa, hukua kwa kula wadudu katika wiki zake za kwanza.

Matokeo husomwa kwenye bawa. Mwindaji akimnyoosha bawa ndege aliyemwangusha, hutazama manyoya madogo yanayofunika mashina ya yale marefu ya kurukia. Ya ndege mzima yana rangi moja ya kijivu. Ya ndege wa mwaka huo yana ncha zenye madoa hafifu ya hudhurungi. Wataalamu wa wanyamapori wa Arizona hukusanya mabawa kutoka kwa wawindaji na kuhesabu. Baada ya baridi yenye mvua, vijana huwa watatu au zaidi kwa kila mzazi mmoja. Baada ya baridi kavu, hata mmoja kwa mmoja hawafiki.

Hapo ndipo penye somo kubwa la uhifadhi. Kware wengi hawamalizi mwaka, wawindwe wasiwindwe; mwewe, paka mwitu, njaa na baridi huwamaliza. Mwaka 1954 watafiti Wendell Swank na Steve Gallizioli walilinganisha athari za uwindaji na za mvua kwa kware wa Gambel, wakaona kwamba mvua ndiyo inayopandisha na kushusha idadi yao. Ukomo wa ndege 15 kwa mwindaji kwa siku una maana yake, lakini hakuna sheria inayoweza kuzaa kware mwaka ambao ardhi haikuota kitu.

Kanuni ya mvua ya baridi haimhusu kila kware, ingawa. Kwenye vilima vya mialoni karibu na mpaka wa Meksiko yuko kware wa Montezuma, ambaye wawindaji humwita Mearns. Huyu hungoja mvua za radi, akazaa Julai na Agosti, na kwa kuwa watoto wake huchelewa kukomaa, msimu wake wa kuwindwa hufunguliwa Desemba. Ana kucha ndefu za kuchimbua viazi vidogo vya mimea ya mwituni, na adui akija hujibana kwenye nyasi hadi karibu akanyagwe. Ng'ombe wakizimaliza nyasi hizo, mvua njema peke yake haitoshi.

Msomaji wa ukurasa huu wa afya anapaswa kujua kwamba mvua hizohizo hulisha pia kiumbe asiyeonekana. Udongo wa Arizona una kuvu aitwaye Koksidioidesi. Unyevu humkuza, na ardhi ikikauka upepo hupeperusha chembe zake pamoja na vumbi, na mtu huzivuta hadi mapafuni. Ugonjwa wake huitwa homa ya bonde, na hauna uhusiano wowote na homa ya Bonde la Ufa tunayoijua Afrika Mashariki, inayosababishwa na virusi. Sehemu kubwa ya wagonjwa wanaoripotiwa Marekani wanatoka Arizona. Wengi walioambukizwa hawaoni dalili. Wengine hukohoa, hupata homa na uchovu kwa wiki au miezi, wakadhaniwa wana nimonia au kifua kikuu. Hauambukizwi kwa kukoholeana. Mbwa wa kuwindia, anayenusa mashimo kutwa nzima, naye huugua.

Hili si la wawindaji peke yao. Phoenix na Tucson zina familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, hasa zilizotoka Kongo kama wakimbizi, na wapo wanaofanya kazi za ujenzi na mashamba katikati ya vumbi hilo. Kama wewe au ndugu yako anaishi huko na amekohoa kwa zaidi ya wiki moja au mbili, au dawa za nimonia hazijamsaidia, amwambie daktari kwamba anaishi Arizona na aombe kipimo cha damu cha homa ya bonde. Na aliyerudi nyumbani kutoka huko akiwa na kikohozi kisichokwisha amtajie daktari safari hiyo, kwa sababu hapa kwetu si rahisi mtu kuufikiria ugonjwa huo.