Mwalimu yuko mujini, watoto wako kijijini: masomo kwa njia ya video inasaidia nani?

Asubuhi, katika shule moja ya msingi ya vijiji vya Ghana, watoto walikuwa wanakaa ku mabanki na kuangalia ukuta. Ku ule ukuta kulionekana mwalimu wa hesabu. Hakuwa mule kalasini: alikuwa ndani ya studio, katika muji wa Accra. Mwalimu anauliza swali, mutoto mumoja anasimama mbele ya kamera ndogo na kujibu, na mwalimu anamusikia na kumusahihisha palepale.

Haikuwa filme yenye ilipigwa mbele ya wakati. Pande zote mbili zilikuwa zinaonana na kusikilizana. Ule mupango, wenye kuitwa Making Ghanaian Girls Great, uliongozwa na Varkey Foundation kwa feza za serikali ya Uingereza. Ulitaka kusaidia zaidi sana wasichana wa vijijini, lakini wavulana pia walikuwa wanafuata masomo ya hesabu na Kiingereza katika zile kalasi.

Shida yenye walitaka kumaliza inajulikana katika inchi mingi: walimu wenye kusomea kazi yao hawapendi kubakia mbali na miji, na mutoto wa kijiji anabakia nyuma ya mutoto wa mujini. Kwa sababu umeme na intaneti ni shida katika vijiji, kila shule ilipewa umeme wa jua, antene ya setilaiti, kamera, mikro na mashine ya kutupa picha ku ukuta.

Matokeo gani?

Watafiti wawili, Jamie Johnston na Christopher Ksoll, walifuata ile kazi kwa miaka miwili ya kwanza. Shule 70 zilichaguliwa kwa kura ili zipate vile vyombo, kisha watoto wake walilinganishwa na watoto wa shule zenye hazikuchaguliwa. Wale wenye kufundishwa kwa njia ya video waliendelea muzuri zaidi katika hesabu na katika misingi ya kusoma.

Lakini kuna jambo lingine la kufikiri. Hesabu ya watoto wenye kuja ku masomo haikuongezeka. Ni kusema, ekrani haikuvuta mutoto mwenye kubakia nyumbani. Watafiti waliona kama faida ilitoka ku namna ya kufundisha, haikutoka ku uzuri wa mashine.

Mwalimu wa kalasi habakie kando

Mufano mwingine uko mbali zaidi, katika inchi ya Uruguay, Amerika ya Kusini. Tangu mwaka wa 2007, ile inchi inagawia wanafunzi wa shule za serikali ordinateri, katika mupango wenye kuitwa Ceibal. Mwaka wa 2012 ilianza pia, pamoja na British Council, kufundisha Kiingereza kwa video katika kalasi ya ine, ya tano na ya sita. Walimu wenye kujua Kiingereza hawakutosha, kwa hiyo wengine wanafundisha toka Argentina na hata Ufilipino.

Pale, mwalimu wa mbali anaonekana mara moja tu kwa juma. Masomo mawili yenye kubakia yanafanywa na mwalimu wa kalasi mwenyewe, hata kama hajui Kiingereza muzuri: anajifunza pamoja na watoto wake. Wale walimu wawili wanapanga kazi pamoja. Mumoja analeta luga, mwingine anajua ni mutoto gani anaona haya, na nani anapaswa kusaidiwa.

Kalasi mbili zinatafutana

Njia ya tatu haitake mwalimu wa mbali hata kidogo. Kalasi mbili za inchi mbili zinakutana ku ekrani, na hakuna moja yenye kujua ingine iko wapi. Watoto wanaulizana maswali yenye jibu lake ni ndiyo ao hapana tu: "Inchi yenu iko ku bahari?" "Muko chini ya ikweta?" Wamoja wanauliza, wengine wanatafuta ku karte, wengine wanaandika majibu. Muchezo huo ulijulikana kwa jina Mystery Skype. Kampuni ya Microsoft ilifunga Skype katika mwezi wa tano mwaka wa 2025, lakini muchezo unaweza kuendelea kwa programu zingine. Hapa mutoto mumoja hawezi kushinda yeye peke yake.

Hata katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini-mangaribi ya Kenya, yenye kukaliwa na Wakongomani wengi pia, masomo ya namna hiyo yalifika. Mwaka wa 2015, Koen Timmers, mwalimu wa Ubelgiji, alituma kule ordinateri yake mwenyewe na kuanza kufundisha kwa Skype. Kisha walimu wa inchi zingine wakamufuata.

Mipaka yake

Zile njia zote zina bei. Setilaiti zingine za intaneti ziko kilometa karibu 36,000 juu ya dunia, na ni lazima kuhesabu karibu nusu ya sekunde ili swali liende na jibu lirudi. Mwalimu mwenye haraka anafikiri kama watoto wamenyamaza, kumbe sauti yao ingali njiani. Vumbi inaharibu mashine, na batri inachoka. Feza za musaada zikiisha, nani atalipa intaneti?

Katika Congo, kusoma bila malipo katika shule za msingi za serikali kulianza mwaka wa 2019, na kalasi nyingi zilijaa. Ekrani haiwezi kuongeza mabanki wala kulipa mushahara wa mwalimu. Mufano wa Ghana unaonyesha kama inaweza kuleta mwalimu mwema kule hakuna. Ule wa Uruguay unaonyesha kama anafaa zaidi akikuta mwalimu mwingine amesimama pale, katikati ya watoto.