Utando wa Pistoni: Kinga ya Joto na Msuguano

Moto uwakao ndani ya silinda ya injini hufikia, kwa muda mfupi mno, halijoto ipitayo nyuzi 2,000 za Selsiasi. Pistoni inayoupokea moto huo hutengenezwa, katika magari mengi, kwa aloi ya aluminiamu, ambayo huanza kuyeyuka kabla ya kufikia nyuzi 600. Yatupasa kuuliza: kwa nini basi pistoni haiyeyuki?

Swali hili lilinijia upya katika karakana moja ya Buswelu, huko Ilemela, mkoani Mwanza. Mwanagenzi mmoja alikuwa ameshika pistoni mpya ya pikapu ichukuayo dagaa kutoka mwalo wa Igombe. Ubavuni mwa pistoni hiyo palikuwa na baka jeusi, naye alikuwa akilisugua kwa msasa.

"Mwalimu, haya si masizi?" aliniuliza nilipomzuia.

Hayakuwa masizi. Pistoni ambayo haijapata kuona moto haiwezi kuwa na masizi. Baka lile ni utando uliopakwa kiwandani kwa makusudi, na msasa ulikuwa ukiondoa kitu ambacho mwenye gari alikuwa amekwisha kukilipia.

Utando wa ubavuni

Sehemu ya chini ya pistoni, ambayo mafundi huiita sketi, husugua ukuta wa silinda maelfu ya mara kwa dakika. Msuguano wa pistoni na pete zake mara nyingi huwa karibu nusu ya msuguano wote wa injini. Kwa kawaida mafuta ya kulainishia huzitenganisha metali hizo mbili. Lakini injini inapowashwa asubuhi ikiwa baridi, au inapobeba mzigo mzito mlimani, mafuta huweza kupungua mahali fulani, na metali ikagusa metali. Hapo ndipo pistoni huchubuka, na hatimaye hung'ang'ania ndani ya silinda.

Ili kuzuia ajali hiyo, watengenezaji wengi hupaka sketi utando wa grafiti, au wa kampaundi ya molibdenamu na salfa, uliochanganywa na gundi istahimiliyo joto. Unene wake ni yapata sehemu 1 hadi 2 za mia za milimita. Unywele wa binadamu ni mnene zaidi. Atomi za grafiti zimepangwa katika matabaka, na matabaka hayo huteleza moja juu ya jingine kama karata. Mafuta yakikosekana kwa nukta chache, utando huteleza badala ya metali kukwaruzana.

Mwanafunzi aweza kujionea jambo hili darasani. Weka kipande cha chuma juu ya bamba la chuma lililo safi na kavu, kisha uliinue bamba upande mmoja polepole mpaka kipande kianze kuteleza. Pima pembe ya mwinuko. Tanjenti ya pembe hiyo ndiyo kizigeu cha msuguano. Halafu sugua bamba kwa penseli laini mpaka liwe jeusi, ukarudie jaribio. Linganisha pembe mbili hizo.

Utando wa kichwani

Sasa turudi kwenye swali la kwanza. Pistoni haiyeyuki kwa sababu joto haliruhusiwi kukaa. Moto huwaka kwa kitambo kidogo tu, kisha hewa baridi huingia. Joto lililokwisha kuingia katika pistoni hupita kwenye pete, likaenda kwenye ukuta wa silinda, kisha kwenye maji, na mwishowe kwenye rejeta. Jingine huchukuliwa na mafuta ya injini. Hivyo kichwa cha pistoni hubaki kwenye nyuzi 250 hadi 350 hivi.

Lakini usalama huo una gharama. Kwa makisio, theluthi moja tu ya nishati ya mafuta hugeuka kazi. Theluthi nyingine huondoka na moshi, na iliyosalia hupotelea katika upoaji na msuguano. Ndiyo maana wahandisi walifikiri kukifunika kichwa cha pistoni kwa kauri.

Kauri itumikayo sana ni oksidi ya zirikoniamu, ambayo hunyunyizwa ikiwa imeyeyushwa kwa mwali mkali sana. Aloi ya aluminiamu hupitisha joto zaidi ya mara 50 kuliko kauri hiyo. Kwa hiyo utando wa milimita 0.3 huzuia joto kama vile aluminiamu yenye unene unaozidi milimita 15. Katika injini za magari ya mashindano, ambazo hutoa nguvu nyingi kutoka silinda ndogo, kinga hiyo ina thamani kubwa.

Hata hivyo kauri ina tatizo lake. Chukua pistoni yenye kipenyo cha milimita 80, ikapata joto kwa nyuzi 200 zaidi. Aluminiamu hupanuka kwa milimita 0.32, ilhali zirikonia hupanuka nusu ya hapo tu. Mvutano huo huweza kuibandua kauri, na magamba yake, yaliyo magumu kama mchanga, huukwaruza ukuta wa silinda. Kwa sababu hiyo hutangulizwa tabaka la metali la kuunganisha, na kazi yote huhitaji mitambo maalumu.

Tena, katika miaka ya 1980, kampuni ya Cummins ilishirikiana na jeshi la Marekani kujaribu injini za dizeli zisizopozwa kwa maji. Faida ilikuwa ndogo kuliko ilivyotarajiwa. Joto lililozuiwa lilitoka kwa wingi pamoja na moshi, na kuta zilizobaki na moto ziliipasha hewa iliyokuwa ikiingia, ikapungua uzito.

Jibu moja lilipatikana baadaye. Mwaka 2015 Toyota ilitoa injini ya dizeli ya lita 2.8, iliyowekwa katika Land Cruiser Prado na Hilux, magari tunayoyafahamu sana hapa nchini. Kichwa cha pistoni yake kina utando mwembamba wenye vinyweleo, uliotengenezwa kwa kuioksidisha aluminiamu yenyewe na kuimarishwa kwa silika. Utando huo hupata joto upesi moto uwakapo, na hupoa upesi hewa iingiapo. Kampuni ilieleza kuwa upotevu wa joto kwa njia ya upoaji wakati wa mwako ulipungua kwa kiasi cha kufikia asilimia 30 hivi.

Funzo kwa karakana

Mwenye pikapu aliyasikiliza maelezo haya, kisha akauliza, "Mwalimu, nikipata hiyo kauri, gari litaacha kuchemsha?"

Nilimjibu kwamba utando hupunguza joto liingialo katika pistoni, lakini hauwezi kushika nafasi ya maji wala ya mafuta. Tulipoifungua rejeta yake, tuliikuta imeziba kwa kutu na matope. Hicho ndicho kilichoiua pistoni ya zamani, na kingeiua na mpya pia, hata kama ingevikwa kauri.

Mwanagenzi naye aliuweka msasa kando. Pistoni mpya husafishwa kwa mafuta ya taa na kitambaa laini, hupakwa mafuta ya injini, na kipenyo chake hupimwa mahali alipoelekeza mtengenezaji. Baka jeusi huachwa lilivyo.