Je, Kosa ni la Beki wa Kushoto?

Timu ya shule inaporudi nyumbani ikiwa imefungwa mabao matatu, hukumu huwa imekwisha kutolewa kabla lori halijafika shuleni. Wanafunzi wamemtaja mkosaji, na aghalabu mwalimu wa michezo huafikiana nao. Mabao mawili yalipitia upande wa kushoto. Basi beki wa kushoto hafai. Jumatatu jina lake halimo katika orodha iliyobandikwa ubaoni, na pengine kijana huyo hatavaa tena jezi ya shule mpaka amalize kidato cha nne. Hebu tuichunguze hukumu hiyo: je, imetolewa kwa ushahidi? Na je, shule isiyo na chombo chochote ila daftari, penseli na saa ya mkononi yaweza kuipima timu yake kwa njia ya kisayansi?

Kwanza tuyatilie shaka macho yetu wenyewe. Mwaka 1986 watafiti wawili wa Kanada, Ian Franks na Gary Miller, waliwapima watu waliotazama mpira wa miguu kwa jicho la ukocha, wakawataka waeleze yaliyotokea. Waliyoyakumbuka kwa usahihi hayakufika nusu. Jambo hili halishangazi. Kumbukumbu huhifadhi bao, ugomvi na penalti. Pasi thelathini za kawaida, ambazo ndizo mchezo wenyewe, hupotea.

Dawa ya usahaulifu ni kuandika. Mwezi Machi 1950, Charles Reep, mhasibu katika Jeshi la Anga la Uingereza, alikuwa akitazama mchezo mjini Swindon. Alipochoshwa na mashambulizi yasiyozaa matunda, alitoa daftari na penseli akaanza kuyaandika moja moja. Aliendelea na kazi hiyo kwa miaka mingi, na mwaka 1968 yeye na mtaalamu wa takwimu Bernard Benjamin walichapisha matokeo ya mamia ya michezo. Waliona kwamba kwa wastani bao moja hupatikana kwa kila mikwaju kumi hivi. Reep alishikilia pia kwamba takriban asilimia 80 ya mabao hutokana na mashambulizi yasiyozidi pasi tatu. Akahitimisha kwamba timu iache kupigiana pasi nyingi na ipeleke mpira mbele upesi.

Msomaji asimame hapa kidogo na kujiuliza: kasoro iko wapi? Hesabu ya Reep haikuwa na kosa. Lakini katika hesabu hiyo hiyo, zaidi ya asilimia 90 ya mashambulizi yote yalikuwa ya pasi tatu au chache zaidi. Ikiwa mashambulizi mafupi ni asilimia 90 na ushei lakini yanaleta asilimia 80 tu ya mabao, basi yale marefu, ambayo ni machache mno, yanaleta asilimia 20 iliyobaki. Ukilinganisha shambulizi kwa shambulizi, yale marefu yalizaa zaidi ya maradufu. Mwaka 2005 Mike Hughes na Ian Franks walichambua michezo ya Kombe la Dunia ya 1990 na 1994 kwa kugawanya mabao kwa idadi ya nafasi, nao walikuta kwamba mashambulizi ya pasi nyingi yana mavuno makubwa zaidi. Mtu aliyehesabu kwa uaminifu wa ajabu alikuwa amesahau kugawanya.

Sasa turudi kwa beki wetu. Tuseme katika michezo kadhaa timu imefungwa mabao 10: sita yalipitia kushoto na manne yalipitia kulia. Hukumu ya ndani ya lori ingeonekana ya haki. Lakini tuseme daftari linaonyesha mashambulizi 90 yaliyokuja kushoto, na 30 tu yaliyokuja kulia. Kushoto, bao moja kwa mashambulizi 15. Kulia, bao moja kwa kila mashambulizi saba na nusu. Kijana aliyeondolewa ndiye aliyekuwa ngome, na udhaifu uko upande ambao hakuna aliyeutazama.

Hapo swali jipya linazaliwa, nalo ni tamu zaidi: kwa nini adui hupenda kupita kushoto? Wachezaji wengi hutumia mguu wa kulia, na upande wa kulia wa adui ndio unaokabiliana na kushoto kwetu. Labda winga wetu wa kushoto hupanda mbele asirudi. Labda kiwanja chenyewe kina mteremko, kama vilivyo viwanja vingi vya shule zetu. Katika hali hiyo vipindi viwili viandikwe mbalimbali, kwa kuwa timu hubadilishana magoli.

Namna ya kuandika si ngumu. Chora ramani ya uwanja, uigawe katika sehemu tatu kwa urefu na tatu kwa upana. Wanafunzi wawili wakae pamoja, mmoja akitazama na kutaja, mwenziwe akitia alama bila kuinua macho. Wawili wengine wafanye vivyo hivyo mbali nao. Mchezo ukiisha, madaftari yalinganishwe. Kama moja lina mashambulizi 40 na lingine 55, wasigombane. Neno "shambulizi" halikuelezwa vema. Wakubaliane, kwa mfano, kwamba shambulizi ni kila mara adui anapouingiza mpira katika theluthi yetu ya nyuma akiwa bado anaumiliki.

Tena isisahaulike bahati. Tuchukulie kwamba kila mkwaju una nafasi moja katika kumi ya kuingia, na kwamba timu imepiga mikwaju kumi. Nafasi ya kukosa yote ni 0.9 kwa kipeo cha 10, yaani takriban 0.35. Timu yenye washambuliaji wazuri kabisa yaweza kumaliza zaidi ya mchezo mmoja katika mitatu bila bao. Anayebadilisha washambuliaji baada ya sare moja ya bila kwa bila anapiga ramli. Wanafunzi wa hesabu wajaribu wenyewe kwa mikwaju 15, kisha kwa mitano.

Uangalifu huohuo wahitajika katika kupima pumzi. Mabao mengi hufungwa karibu na mwisho wa mchezo, na hali hiyo huonekana kwa timu karibu zote. Kwa hiyo kufungwa dakika za mwisho hakuthibitishi kwamba vijana wetu au wasichana wetu hawana pumzi. Tulinganishe mabao tuliyofungwa na tuliyofunga katika muda huohuo.

Liko jambo moja ambalo daftari letu haliwezi kulinasa. Beki aliyesimama mahali pake sawasawa humfanya adui asimpitie kabisa. Kwake hakuna alama, na karatasini huonekana kama mtu asiyefanya kazi. Kwa ajili yake mwalimu amteue mwandishi mmoja wa ziada, ampe robo saa nzima ya kumtazama mchezaji huyo peke yake, na amkataze kuuangalia mpira.