Umustakabali wa Weusi na Umustakabaliafrika: Istilahi Mbili, Dhana Mbili

Wafasiri na walimu wa fasihi wametuuliza mara kwa mara: je, zile hadithi zinazosimulia Afrika ya siku zijazo, zenye vyombo vya anga na viumbe wa sayari nyingine, tuziiteje kwa Kiswahili? Hapo mwanzo tulidhani swali hili ni jepesi. Tuliandika kadi moja, tukaweka istilahi moja, tukaendelea na kazi nyingine. Baadaye tulipozisoma kazi za mwandishi mmoja ambaye ametumia zaidi ya miaka ishirini kuijenga fani hiyo, tulitambua kwamba kadi yetu ilikuwa na kosa. Tulikuwa tumeziweka dhana mbili katika kapu moja. Makala haya yanaeleza kosa hilo na kupendekeza njia ya kulirekebisha.

Mwandishi na kazi zake

Mwandishi tunayemzungumzia ni Nnedi Okorafor. Alizaliwa mwaka 1974 katika mji wa Cincinnati, Marekani. Wazazi wake ni Waigbo wa Nijeria waliokwenda huko kusoma, na vita vya Biafra vikawazuia kurejea kwao. Katika ujana wake alikuwa mchezaji hodari wa tenisi. Alipokuwa na umri wa miaka 19 alifanyiwa upasuaji wa uti wa mgongo, akaamka akiwa amepooza miguu. Ni katika kitanda cha hospitali ndipo alipoanza kuandika hadithi. Baadaye alijifunza tena kutembea, lakini kalamu hakuiweka chini.

Riwaya yake ya kwanza, Zahrah the Windseeker, ilitoka mwaka 2005, na mwaka 2008 ikampatia Tuzo ya Wole Soyinka ya Fasihi ya Afrika. Mwaka 2010 ilifuata Who Fears Death, riwaya iliyowekwa katika Sudan ya siku zijazo, ambayo ilipata Tuzo ya Dunia ya Fantasia mwaka 2011. Katika Lagoon (2014), wageni kutoka anga za mbali hawatui Marekani wala Ulaya, bali wanashukia baharini, mbele ya jiji la Lagos. Mwaka 2015 ilitoka novela iitwayo Binti, iliyopata tuzo mbili kubwa za fani hii, Nebula na Hugo.

Okorafor hakubaki katika kitabu tu. Aliingia katika hadithi za picha, akaandika simulizi za Black Panther na za Shuri kwa kampuni ya Marvel kati ya mwaka 2017 na 2019. Hadithi yake mwenyewe ya picha, LaGuardia, iliyochorwa na Tana Ford, ilipata tuzo za Hugo na Eisner mwaka 2020. Hadithi yake fupi ya mwaka 2011, "Hello, Moto", iligeuzwa filamu fupi na C. J. Obasi wa Nijeria mwaka 2018. Mwaka 2017 alisimama mbele ya hadhira mjini Arusha, katika mkutano wa TEDGlobal, akaeleza kwa nini bunilizi ya kisayansi ya Afrika ina chemchemi yake yenyewe. Kwa hiyo jambo hili si la mbali nasi kama linavyoweza kudhaniwa.

Tofauti iliyotuponyoka

Mwaka 1993 mhakiki wa Marekani, Mark Dery, alibuni neno afrofuturizimu ili kuzieleza kazi za sanaa ambazo ndani yake Wamarekani Weusi huitazama teknolojia na siku zijazo kwa macho yao wenyewe. Neno hilo lilienea, na polepole kila hadithi ya siku zijazo iliyoandikwa na mtu mweusi, awe wa Chicago au wa Nairobi, ikawa inaitwa hivyo.

Okorafor alilikataa vazi hilo aliloshonewa na wengine. Mwaka 2019 alieleza istilahi yake mwenyewe, afrikanfuturizimu. Alikiri kwamba dhana hizo mbili ni ndugu, kwa kuwa watu weusi wa bara hili na wale wa ng'ambo wameunganishwa na damu, historia na siku zijazo. Lakini afrikanfuturizimu ina mizizi yake katika utamaduni, historia, visasili na mtazamo wa Afrika. Kutoka hapo ndipo inapotanda kuelekea kwa Waafrika wa ng'ambo, wala haiziweki nchi za Magharibi katikati ya mambo. Tena alisisitiza kwamba ni neno moja, si mawili, ili Afrika na siku zijazo zisiweze kutenganishwa.

Hapa ndipo kosa letu lilipo. Mwalimu akitumia istilahi moja kwa dhana zote mbili, mwanafunzi atajifunza kwamba mwandishi wa Afrika ni tawi la mti uliopandwa Marekani. Istilahi itakuwa imekwisha kuamua jambo ambalo mwandishi mwenyewe alilikanusha waziwazi. Mwanaistilahi anayedhani kazi yake ni kutafuta visawe tu husahau kwamba kila kisawe hubeba mtazamo.

Njia za kuunda istilahi

Kwanza tulijaribu kutohoa. Umbo ufuturi ni fupi na linakubaliana na sauti za Kiswahili. Lakini futuri katika Kiswahili ni kipimo cha mkono, na kufuturu ni kula baada ya kufunga. Msomaji wa Lamu au Unguja akikutana na "ufuturi wa Kiafrika" atafikiria ama upana wa kiganja, ama uji na tende za magharibi. Tuliliacha.

Pili tulitazama neno mustakabali, ambalo limekwisha kukubalika katika uandishi rasmi. Kiambishi u- kinaweza kutupatia umustakabali, kama vile majumui ilivyotupatia umajumui. Shina tumelipata, swali lililobaki ni jinsi ya kuzitofautisha dhana zenyewe.

Kwa dhana ya Dery, tunapendekeza umustakabali wa Weusi. Kiunganishi "wa" kinatosha hapa, kwa sababu dhana hiyo inahusu watu, popote walipo.

Kwa dhana ya Okorafor, "umustakabali wa Kiafrika" haufai. Kiunganishi kinaacha mlango wazi: leo utakuwa wa Kiafrika, kesho wa Kijapani, na Afrika inakuwa sifa tu ya kitu kilichokuwapo kabla yake. Hilo ndilo alilotaka kulizuia. Lugha yetu ina njia ya kuunganisha nomino mbili bila kiunganishi, kama katika isimujamii. Kwa kufuata kielelezo hicho, tunapata umustakabaliafrika. Tulijaribu pia kulifupisha kwa uhulutishaji, kama chakula cha jioni kilivyozaa chajio, tukapata "mustafrika". Mwenzetu mmoja aliuliza huyo ni mtoto wa nani, nasi tukaliacha.

Matatizo mengine ya mfasiri

Jina Binti lenyewe ni mtego. Neno hili ni letu, ijapokuwa asili yake ni Kiarabu, na sasa limefika kwenye nyota likiwa jina la msichana wa kabila la Himba wa Namibia. Jina lake kamili ni Binti Ekeopara Zuzu Dambu Kaipka. Msomaji wa Kiswahili, aliyezoea Siti binti Saad, ataelewa mara moja kwamba huyu ni mtoto wa mzee Ekeopara. Sivyo; Binti ni jina lake mwenyewe. Tunashauri mfasiri aeleze jambo hili mara moja katika dibaji, na ndani ya matini atumie "msichana" au "mwana" kila inapohitajika nomino ya kawaida, ili herufi kubwa isiachiwe peke yake mzigo wa kutofautisha.

Binti ana kipaji cha kuyafanya mambo yaafikiane: hesabu, mikondo ya nguvu, na hatimaye maadui. Wengi wangemwita mpatanishi. Lakini mpatanishi hushughulika na wagombanao tu, wala hapatanishi namba. Tunapendekeza mwoanishaji, kutokana na kitenzi oanisha, kwa sababu kinachukua maana zote mbili. Otjize, ule udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta ambao Wahimba hujipaka, ubaki kwa jina lake. Ni sehemu ya utu wa msichana huyo, na kulitafsiri ni kumwosha.

Katika hadithi za picha kuna tatizo la nafasi. Kiputo cha maneno kimechorwa tayari, nacho hakipanuki. Mfasiri hana budi kuchagua neno fupi lililo sahihi badala ya maelezo marefu.

Muhtasari wa mapendekezo

Bunilizi ya kisayansi: hadithi ya kubuni ambayo kiini chake ni sayansi au teknolojia. Tunalipendelea kuliko "hadithi ya kisayansi", ambayo huweza kueleweka kuwa ni maelezo ya sayansi yenyewe.

Umustakabali wa Weusi: sanaa na fikra za watu weusi kuhusu teknolojia na siku zijazo, hasa zilizoanzia Marekani.

Umustakabaliafrika: bunilizi ya siku zijazo yenye mizizi na kitovu chake Afrika.

Mwoanishaji: mwenye ujuzi wa kuyafanya mambo au watu waafikiane.

Tunajua kwamba umustakabaliafrika ni neno refu, na huenda baadhi ya wasomaji wakalalamika. Tunawakaribisha watuletee lililo bora. Tunaomba tu kwamba neno hilo litimize masharti mawili: lioneshe undugu wake na umustakabali wa Weusi, na lisiruhusu Afrika kuondolewa ndani yake.