Ubuntu, Mint, Fedora au Debian? Linux ipi iwekwe kwenye kompyuta ya zamani kabla ya kuitupa au kuituma nyumbani

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Kwa familia nyingi za hapa Temple Hills na vitongoji vya jirani, maana yake ni moja. Ile kompyuta mpakato iliyonunuliwa mwaka 2015 au 2016 bado inawaka na kioo chake ni kizima, lakini haikubali Windows 11. Mfumo huo mpya unataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa mashine za Intel unataka kwa kawaida prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Kompyuta zilizotengenezwa kabla ya hapo zimebaki nje ya mlango.

Mwenye kompyuta kama hiyo ana njia tatu. Anaweza kununua mpya. Anaweza kujiandikisha kupata masasisho ya nyongeza ya Windows 10, ambayo kwa watumiaji wa nyumbani yanakwisha Oktoba 2026. Au anaweza kuweka Linux, ambayo ni bure na inaweza kuipa mashine miaka mingine mitano ya kazi. Wengi wetu tuna sababu moja zaidi ya kuifikiria njia ya tatu: kompyuta isiyotakiwa tena hapa mara nyingi huishia kwenye begi la anayesafiri, ikienda kwa mpwa aliyeko chuoni Dodoma au kwa mjomba mwenye duka Mombasa.

Ugumu unaanza pale mtu anapotafuta "Linux" na kukuta majina kadhaa wa kadhaa. Makala hii inalinganisha manne yanayotosha kwa familia. Anayechagua ajiulize mambo matatu: nani ataitumia kompyuta hiyo, iko wapi intaneti yake, na nani atamsaidia ikikwama.

Injini moja, magari mengi

Mfumo uitwao Unix ulizaliwa mwaka 1969 katika maabara za Bell hapa Marekani, na kwa miaka mingi ulikaa kwenye mashine ghali za vyuo vikuu na makampuni. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, alianza kuandika kiini cha mfumo unaofanana na Unix, kwa ajili ya kompyuta ya kawaida ya nyumbani, kisha akakitoa bure. Kiini hicho ndicho Linux.

Kiini peke yake hakimfai mtu wa kawaida, kama vile injini isivyofaa bila bodi, viti na usukani. Kwa hiyo watengenezaji mbalimbali wanakichukua, wanaongeza programu, wanachagua sura ya kioo, kisha wanatoa kitu kizima chenye jina lao. Unga wa ngano ni ule ule, mmoja anapika chapati na mwingine anakaanga maandazi.

Tena mfumo huu si mgeni kama unavyodhaniwa. Simu ya Android iliyo mfukoni mwako inatumia kiini cha Linux, na Chromebook ambayo mtoto amekopeshwa na shule pia. Hiyo ya shule, hata hivyo, isiguswe. Wala usibadilishe chochote kwenye kompyuta ya mwajiri.

Ubuntu

Ubuntu inatengenezwa na kampuni ya Canonical, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, yule aliyesafiri angani mwaka 2002. Jina lake ni la Kizulu na Kixhosa, na sisi hatuhitaji kutafsiriwa, kwani ni ndugu wa neno letu "utu". Hadi mwaka 2011 kampuni hiyo ilikuwa ikituma CD za bure kwa posta duniani kote, jambo lililowafaa sana watu wa nchi ambako kupakua faili kubwa kulikuwa ghali.

Namba ya toleo ni mwaka na mwezi: 24.04 ilitoka Aprili 2024. Kila baada ya miaka miwili, mwezi Aprili, hutoka toleo la muda mrefu, linalotunzwa kwa miaka mitano. Chukua hilo, usichukue yale ya katikati, ambayo hutunzwa kwa miezi tisa tu.

Nguvu ya Ubuntu ni wingi wa watu wanaoijua. Ukikwama saa sita usiku, swali lako karibu limeshaulizwa na kujibiwa. Udhaifu wake ni uzito: toleo la 24.04 linataka angalau gigabaiti 4 za RAM na 25 za diski. Pia sehemu ya programu zake hujisasisha zenyewe kimyakimya, na kwa mtu anayenunua bando la siku huko nyumbani, hilo ni tatizo la fedha.

Linux Mint

Mint ilianzishwa mwaka 2006 na Clément Lefebvre. Inajengwa juu ya Ubuntu, lakini watengenezaji wake ni kikundi kidogo kinachotegemea michango na wafadhili. Aliyezoea Windows hapotei humo: kitufe cha menyu kiko chini kushoto, saa iko chini kulia, na faili ziko pale anapozitarajia. Kwa mzazi anayetaka barua pepe, YouTube, WhatsApp kupitia kivinjari na kuandika barua, hii ndiyo inayohitaji maelezo machache kuliko zote.

Ina mambo mawili yanayofaa kutajwa. Kwanza, kwa kawaida inakuonyesha masasisho na kukuacha uamue lini yapakuliwe. Pili, inakuja na programu ya Timeshift, inayohifadhi hali ya mfumo ili kitu kikiharibika urudi ulipokuwa jana. Inaweza kuanza na gigabaiti 2 za RAM, ingawa 4 ndizo zinazompa mtu raha. Kwa mashine dhaifu, chukua toleo lake liitwalo Xfce.

Fedora

Fedora inafadhiliwa na Red Hat, kampuni ya Raleigh, North Carolina, iliyonunuliwa na IBM mwaka 2019 kwa dola bilioni 34. Inatoa toleo jipya takriban kila miezi sita, na kila toleo hutunzwa kwa takriban miezi 13. Kwa hiyo anayetumia Fedora hupata vitu vipya mapema, lakini lazima akubali kuhama angalau mara moja kwa mwaka.

Kwa bibi, mbio hizo ni adhabu. Kwa kijana anayesomea kompyuta ni mafunzo, kwa sababu kinachojaribiwa Fedora leo ndicho hatimaye huingia katika mfumo wa kulipia wa Red Hat, ambao ofisi za serikali na makandarasi wa eneo hili la Washington wanautumia sana. Anayetafuta kazi ya kutunza seva hapa atakutana nao kwenye matangazo ya ajira.

Debian

Debian ilianzishwa mwaka 1993 na Ian Murdock, na hadi leo inaendeshwa na watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi. Haina kampuni inayoimiliki. Ubuntu yenyewe inajengwa kutoka kwake, na kwa hiyo Mint ni kama mjukuu wake. Matoleo hutoka takriban kila miaka miwili, na la 13 lilitoka Agosti 2025. Ukihesabu muda wa nyongeza, kila toleo hutunzwa kwa takriban miaka mitano.

Debian haina haraka. Programu zake huwa za zamani kidogo, lakini zimejaribiwa. Kwa mashine inayokwenda mahali penye intaneti ya kubahatisha ina faida nyingine: watengenezaji wanatoa faili kubwa zenye programu nyingi ndani, ili mtu aweze kuweka mfumo na programu zake bila mtandao. Ubaya wake ni kwamba inamdhania mtumiaji kuwa na uzoefu kiasi, hasa wakati wa kuiweka.

Mwenye mali ni nani?

Watu hulinganisha rangi na madirisha, na kusahau kuuliza nani anashika mpini. Mfano ni CentOS, mfumo wa bure uliofuata ule wa kulipia wa Red Hat. Waliouweka kwenye seva zao toleo la 8 waliambiwa litatunzwa hadi mwaka 2029. Desemba 2020 likaja tangazo kwamba mwisho wake utakuwa Desemba 2021. Wengine wakaunda mifumo mbadala, Rocky Linux na AlmaLinux, lakini wenye mashine walilazimika kuhama bila kupenda.

Kampuni inaweza kubadili nia kwa siku moja, na kikundi kidogo kinaweza kuchoka. Kinga yako ni nakala ya faili zako mahali pengine, pamoja na kujua kwamba mafaili ya kawaida, yaani picha, PDF na nyaraka, hufunguka kwenye mfumo wowote kati ya hii minne.

Wanafunzi, someni hapa kwanza

Kabla ya kufuta Windows, soma mahitaji ya kila somo. Vyuo vingi vya Marekani hufanya mitihani ya mtandaoni kwa programu ya LockDown Browser, na programu hiyo haifanyi kazi kwenye Linux. Inataka Windows, Mac, iPad au Chromebook. Mwanafunzi anayegundua hilo dakika kumi kabla ya mtihani hana wa kumlaumu, na alama zinaweza kupotea. Uliza mapema kama maktaba ya chuo ina mashine za kufanyia mtihani.

Word na Excel za kuwekwa kwenye kompyuta hazipo kwa Linux, ila zinafunguka ndani ya kivinjari. LibreOffice, ambayo ni ya bure, inasoma na kuandika faili hizo, lakini mpangilio wa ukurasa unaweza kusogea, basi tuma kazi yako kama PDF pale inaporuhusiwa. Zoom ina toleo la Linux.

Na Kiswahili je?

Mwaka 2004, mradi wa Kilinux uliowahusisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Hilo liliwezekana kwa sababu programu ilikuwa huria, hivyo wenye lugha hawakuhitaji kuomba ruhusa ya kampuni. Leo LibreOffice, iliyotokana na OpenOffice, ina kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili. Watoto wetu wanaoandika "nyumbani" na kuona mstari mwekundu chini yake wanastahili kuwekewa kamusi hiyo. Menyu za mifumo yote minne, hata hivyo, hazijatafsiriwa kikamilifu, na anayetaka kusaidia tafsiri anakaribishwa.

Inayokwenda nyumbani

Kompyuta ya kutumwa inahitaji maandalizi zaidi. Futa diski vizuri, kwa sababu fomu zako za kodi na namba yako ya Social Security zimo humo, na kuweka mfumo mpya juu yake hakuhakikishi kwamba vyote vimefutika. Ulizia fundi kuhusu kufuta kwa kudumu, au badilisha diski. Angalia chaja: nyingi zimeandikwa 100–240V, nazo hazihitaji transfoma. Kinachohitajika ni plagi ya pini tatu bapa kwa Kenya, Uganda na Tanzania. Weka masasisho yote hapa, kwa Wi-Fi ya nyumbani, kabla haijaingia kwenye begi. Usipeleke mashine za kale za biti 32, kwa kuwa Ubuntu na Fedora zimeshaziacha, na Debian 13 haina tena njia ya kuiweka upya kwenye mashine hizo.

Kisha muulize mpokeaji swali moja: fundi wa karibu nawe anatumia nini? Kama fundi wa mtaani anaijua Ubuntu, mpelekee Ubuntu, hata kama wewe unaipenda Debian. Msaada wa kweli ni ule anaoweza kuufuata kwa miguu. Wewe uko umbali wa saa saba au nane, na kuelekeza mtu kwa WhatsApp wakati kioo ni cheusi ni kazi ngumu.

Jaribu kabla ya kuamua

Flashi ya gigabaiti 8 inatosha. Faili ya Mint ni takriban gigabaiti 3, ya Ubuntu takriban 6. Ipakue kutoka tovuti rasmi, iandike kwenye flashi kwa programu kama Rufus au balenaEtcher, kisha washa kompyuta ukibonyeza F12, F2 au Esc, kulingana na aina yake. Mfumo utawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Jaribu Wi-Fi, sauti, kamera na printa. Kisichofanya kazi hapo huenda kisifanye kazi baadaye. Asiye na intaneti nzuri nyumbani anaweza kwenda na kompyuta yake kwenye maktaba ya kaunti.

Ukiulizwa kwa kifupi, jibu ni hili: kwa mzazi na kwa aliyetoka Windows, Mint. Kwa mwanafunzi anayetaka majibu mengi mtandaoni, Ubuntu ya muda mrefu. Kwa anayetafuta kazi ya seva, Fedora. Kwa mashine itakayokaa mbali na intaneti ikiwa na mtu anayejua kuitunza, Debian. Na kama mtihani wa wiki ijayo unataka Windows, acha Windows mahali pake hadi muhula uishe.