Je, Tesla angetupa stima ya bure?

Juzi baada ya Isha, ami mmoja jirani yangu alinifuata barazani na simu mkononi. Ni mvuvi wa siku nyingi, na nyumbani ana friza mbili za kuwekea samaki. Hulalamika kila mara kwamba pesa ya tokeni inamla faida yote.

"Mwanangu, wewe umesomea mambo haya," akaniambia. "Hebu nitazamie hii."

Ilikuwa video ya dakika chache. Inaanza na picha ya mtu aliyeketi kitini akisoma, ametulia kabisa, na radi zinapasuka juu ya kichwa chake. Msemaji anasema huyo ni Nikola Tesla, kwamba aligundua stima ya bure inayopita hewani, na kwamba matajiri walimzima. Mwisho wa video kuna kisanduku cheusi kinachouzwa: "siri ya Tesla", inaendesha nyumba nzima bila waya, bila jua, bila mafuta. Bei ni shilingi 45,000. Ami alikuwa nazo, amezidunduliza kwa ajili ya injini ya mashua.

Nimeona video hiyo ikipita katika makundi ya WhatsApp si mara moja wala mbili. Basi nimeona niandike hapa yale niliyomweleza ami, huenda yakamfaa na mwingine.

Kwanza tumpe mtu haki yake. Tesla alizaliwa mwaka 1856 katika kijiji cha Smiljan, ambacho leo kimo nchini Kroatia, akafika New York mwaka 1884. Mwaka 1888 alipata hataza za mota inayozungushwa na mkondo geu, yaani stima inayobadili mwelekeo mara nyingi kwa sekunde. Kampuni ya George Westinghouse ikazichukua. Mwaka 1896 stima ya maporomoko ya Niagara ikafika mji wa Buffalo kwa mfumo huo.

Mfumo huo ndio tulio nao sisi. Ukipita Rabai au Mariakani utaona minara mikubwa imebeba nyaya tatu tatu. Huo ni mkondo geu wa awamu tatu. Transfoma iliyo juu ya nguzo mtaani kwako inaushusha kutoka maelfu ya volti hadi 240. Pampu ya kisima na mashine ya kusaga mahindi nyingi zinazungushwa na mota za uzao ule ule wa Tesla. Kwa hivyo hatuzungumzi juu ya tapeli. Tunazungumza juu ya fundi mkubwa ambaye baadhi ya ndoto zake zilikuwa kweli na nyengine hazikuwa.

Ndoto iliyo kubwa zaidi ilianzia Colorado Springs mwaka 1899. Huko alijenga maabara, akatoa radi za kutengeneza kwa mamilioni ya volti. Ile picha ya kwenye video ni ya huko, lakini ni picha mbili zilizopigwa juu ya sahani moja. Radi zilipigwa picha peke yake, na Tesla kitini akapigwa peke yake mashine ikiwa imezimwa. Angeketi pale mashine ikiwaka, asingemaliza ukurasa.

Tesla aliamini kwamba dunia yenyewe ni kama kengele. Ukiigonga kwa stima kwa mpigo unaofaa, aliona, italia yote, na mtu yeyote popote atachomeka chuma ardhini achote nishati. Mwaka 1901 akaanza kujenga mnara wa Wardenclyffe huko Long Island, wenye urefu wa kama mita 57, kwa dola 150,000 za tajiri J. P. Morgan.

Hapa ndipo video inapopotosha. Morgan alitoa fedha kwa ajili ya mawasiliano ya kuvuka bahari. Mwezi Disemba mwaka huo huo Marconi akatangaza kwamba amepokea ishara ya redio iliyovuka Atlantiki, kwa vifaa vya bei nafuu zaidi. Baadaye Tesla akamfunulia Morgan kwamba alitaka kupitisha nguvu za stima pia, akaomba fedha zaidi. Morgan akakataa. Mnara ukabomolewa mwaka 1917 bila kuwahi kuwasha taa ya mteja hata mmoja.

Tena mnara ule haukuwa wa kuzalisha stima. Ulikuwa wa kuisafirisha tu. Stima yenyewe ilitoka katika mitambo iliyochomewa makaa ya mawe hapo karibu yake, na makaa hununuliwa. Hata kama ndoto ingetimia, angehitajika mtu wa kulipia makaa.

Sasa tuje kwenye suali lenyewe: mpango ule ungewezekana?

Fikiri sauti ya adhana. Ukiwa mlangoni pa msikiti, kipaza sauti kinakutikisa kifua. Ukiwa mtaa wa pili unasikia vizuri. Ukiwa ng'ambo ya kivuko unasikia kwa mbali, upepo ukikubali. Sauti haikuibiwa na mtu, imetawanyika tu. Mawimbi ya redio nayo hutawanyika vivyo hivyo. Umbali ukizidi mara mbili, nguvu inayokufikia hubaki robo. Ukizidi mara kumi, hubaki sehemu moja kwa mia.

Ami akaniuliza suali zuri: "Mbona basi redio na simu zafanya kazi?"

Zinafanya kazi kwa sababu zinabeba habari, na habari yatosha mnong'ono. Nishati ya mnara inayofika katika simu yako kwa kawaida haifiki hata sehemu moja ya bilioni ya wati. Simu inausikia mnong'ono huo, kisha inaukuza kwa betri yake yenyewe. Ndiyo maana simu huzimika hata ukiwa umeegemea nguzo ya mnara wa mawasiliano. Lakini friza haitaki mnong'ono. Friza inataka wati mia na zaidi, zifike zote, usiku kucha.

Wanaomtetea Tesla husema yeye hakutegemea mawimbi ya kutawanyika, alitegemea ile kengele ya dunia. Ni kweli, na kuna ukweli ndani ya wazo lake. Mwaka 1952 mwanafizikia Mjerumani, Winfried Schumann, alionyesha kwa hesabu kwamba nafasi iliyo baina ya ardhi na tabaka la juu la hewa hulia kweli, karibu mara 8 kwa sekunde, ikigongwa na radi. Vipimo vilivyofuata vikathibitisha. Lakini kengele hiyo ni mbovu. Hulia mara chache tu kisha hunyamaza, kwa sababu ardhi na hewa huimeza nishati. Na mitambo ya Tesla ilipiga kwa mpigo wa kasi mno kuliko huo. Daftari zake za Colorado zinaonyesha taa zikiwaka karibu na maabara. Ile hadithi ya taa 200 zilizowaka umbali wa maili 26 haimo humo.

Je, nishati haiwezi kabisa kupita bila waya? Yapita, kwa masharti. Ndani ya transfoma yaruka kutoka koili moja hadi nyengine bila kugusana. Simu za kuwekwa juu ya kisahani cha kuchajia hufanya hivyo pia, ila ziwe zimekaribiana. Na mwaka 1975 wataalamu wa Marekani walirusha zaidi ya kilowati 30 kwa mawimbi ya maikrowevu huko Goldstone, California, umbali wa kama kilomita moja na nusu. Walihitaji sahani ya mita 26 ya kurushia, na mbele yake pasiwe na kizuizi. Waya wa shaba unaifanya kazi hiyo kwa gharama ndogo zaidi.

Ukizipanga ndoto za Tesla utaona jambo. Mwaka 1898 aliendesha mashua ndogo kwa redio mbele ya watu mjini New York. Leo kuna droni. Mwaka 1926 alisema watu wataonana na kuzungumza kwa chombo cha kutia mfukoni. Ndicho hicho unachosomea makala haya. Hizo zilikuwa za kupeleka habari. Zile za kumwaga nguvu kubwa hewani, pamoja na silaha ya miale aliyoitangaza mwaka 1934, zilibaki maneno. Alifariki mwaka 1943 katika chumba cha hoteli New York, hana mali. Serikali ikachukua karatasi zake, na mhandisi aliyezipitia hakuona silaha iliyo tayari kutumika.

Kuhusu kisanduku, nilimwambia ami amuulize muuzaji jambo moja: nishati yatoka wapi? Akisema "kwenye sumaku" au "hewani", amwambie akiwashe friza nacho siku tatu mfululizo, mbele ya macho yetu, bila waya wala betri iliyofichwa. Ami akapiga simu pale pale. Yule bwana akasema kwanza atume nusu ya pesa.

Nishati ya kupita hewani bila waya tunayo tayari, na Mola ndiye aliyeiweka: jua. Saa sita mchana, kila mita mraba ya paa lako la Pwani hupokea kama wati 1,000, na paneli nzuri huchukua karibu moja kwa tano. Si bure, maana paneli na betri zina bei na huchakaa. Lakini hesabu yake yaonekana, na fundi wa mtaani aweza kukupimia mbele yako.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Ami amezirudisha pesa zake katika akiba ya injini.