Nani Ametuma Ujumbe Huu? Kumhakiki Msambazaji wa Dawa kwa Njia ya Kielektroniki

Karibu kila mwenye simu nchini Tanzania amewahi kupokea ujumbe wa matapeli: ile pesa itume kwenye namba hii, jina litakuja fulani. Wengi huufuta na kucheka. Hata hivyo, ujumbe huo una hila inayofaa kuchunguzwa. Tapeli hakungoji uulize jina. Anakupa jibu la uhakiki mapema. Jina likitokea kwenye simu kama alivyosema, unaridhika, ilhali ulichohakiki ni maneno yake kwa maneno yake mwenyewe.

Hila hiyo hiyo inaweza kuingia katika ununuzi wa dawa, na hapo anayelipa gharama ni mgonjwa.

Kwa nini ni suala la tiba

Tuchukue mfano wa oksitosini, dawa ya kuzuia na kutibu utokaji wa damu nyingi baada ya kujifungua. Hupaswa kuhifadhiwa katika nyuzijoto 2 hadi 8 za Selsiasi. Ikikaa kwenye joto hupungua nguvu, lakini ampuli hubaki angavu vilevile. Mkunga aliyeko Ukerewe hawezi kuutambua upungufu huo kwa macho. Hutegemea uaminifu wa aliyeiuza na kuisafirisha. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa takriban bidhaa 1 kati ya 10 za tiba katika nchi za kipato cha chini na cha kati ni duni au bandia.

Vituo vya umma hununua kwanza kutoka Bohari ya Dawa (MSD), yenye kanda hapa Mwanza. Dawa zikikosekana huko, hununua kwa Mshitiri, utaratibu ulioanzia Dodoma mwaka 2014 na kuenea nchini kote mwaka 2018. Mkoa humpata msambazaji kwa zabuni. Hivyo utambulisho wake huchunguzwa kabla ya oda ya kwanza. Zahanati au famasi binafsi, inayopokea profoma kwa barua pepe au WhatsApp, hulazimika kufanya uchunguzi huo yenyewe.

Maswali matatu

Swali la kwanza: je, ujumbe umetoka kwake kweli, na haujabadilishwa njiani? Mifumo mikubwa ya biashara hutumia saini ya kidijitali. Mtumaji ana funguo mbili: wa siri, anaotia nao saini, na wa wazi, anaowapa wenzake waikague. Herufi moja ya oda ikibadilishwa, saini hukataa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitambua saini ya kielektroniki.

Swali la pili: ufunguo huo ni wa nani? Saini huthibitisha tu kwamba mwenye ufunguo ndiye aliyetuma. Kinachounganisha ufunguo na jina ni cheti cha kidijitali kutoka kwa mtoaji anayeaminika, au makabidhiano yaliyofanywa ana kwa ana.

Swali la tatu: je, anaruhusiwa kuuza dawa? Hapa kompyuta haitoshi. Majengo ya famasi husajiliwa na Baraza la Famasi, na dawa zenyewe na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Mtu anaweza kuwa na saini halali na asiwe na kibali.

Kwa kituo kisicho na mfumo

Kanuni ni moja: jibu la uhakiki lisitoke katika ujumbe unaohakikiwa.

- Weka daftari la wasambazaji, lenye namba za simu, akaunti na usajili, lililojazwa siku ya mkataba.
- Ukiambiwa akaunti imebadilika, piga namba iliyo katika daftari, kamwe si iliyoandikwa kwenye ujumbe.
- Kabla ya kuthibitisha malipo kwa simu, linganisha jina linalotokea na lile la daftari.
- Anayeagiza na anayeidhinisha malipo wawe watu wawili.
- Ujumbe wa kitapeli uripoti kwa namba 15040.

Simu ya kuhakiki huchukua dakika chache. Oda iliyolipwa kwa tapeli hugundulika siku boti inapotia nanga bila dawa, na mama mwenye uchungu wa uzazi hawezi kungoja oda ya pili.